Nyangumi wa Meksiko na mbasa wangu wa mayai

Ndugu Mhariri,

Kwanza niwe mkweli: gazeti lenu sikulinunua. Lilinikuta kwenye meza yangu ya samaki hapa Soko la Mwanjelwa, Mbeya, limo ndani ya furushi la magazeti ya zamani. Sisi wauza samaki magazeti tunayanunua kwa kilo. Nilichomoa karatasi nimfungie mteja makopo yake mawili ya usipa, nikakuta picha ya kichwa cha nyangumi kimetokeza majini kando ya boti, kimejaa madoa meupe na vigamba vilivyogandamana kama kome kwenye jiwe, na mtoto wa kike ameinama anakipapasa. Nikaanza kusoma. Mteja akakohoa. Nikaendelea kusoma. Akasema, "Mama, huo usipa ni wangu au ni wako?" Ikabidi nimfungie kwa karatasi nyingine, ile nikaikunja nikaiweka chini ya mizani.

Habari yenyewe ilihusu ghuba moja huko Meksiko ambamo nyangumi huenda kuzaa wakati wa baridi. Iliandikwa vizuri, sina ubishi. Ila ilipofika mahali patamu, pale mwandishi alipoanza kusema "wavuvi wa eneo hilo", ikakatika: inaendelea ukurasa wa 14. Nilipekua furushi zima mpaka karatasi za chini zilizolowa maji ya samaki. Ukurasa wa 14 haukuwemo. Nadhani ulishaondoka na sato wa mtu.

Basi barua hii naiandika bila kujua ukurasa wa 14 ulisema nini. Kama humo mliandika haya nitakayoyasema, nisameheni na muendelee na kazi zenu. Kama hamkuandika, mmeacha nusu ya habari, tena ile nusu inayotuhusu sisi wa Ziwa Nyasa na samaki wetu mbasa.

Kuna jambo dogo nilitoe njiani. Chini ya picha mliandika "samaki huyo mkubwa". Mhariri, nimeuza samaki miaka 31, na sijawahi kukutana na samaki anayenyonyesha. Mtoto wa nyangumi wa kijivu, ndiye wa ghuba hiyo, akizaliwa ana urefu wa mita nne na nusu hivi na uzito wake unakaribia tani moja. Anakunywa maziwa ambayo karibu nusu yake ni mafuta. Mjukuu wangu aliponisomea hilo niliweka kisu chini. Mama anayetoa maziwa hayo anakuwa yeye mwenyewe hajala kitu cha maana kwa miezi kadhaa, lakini hilo nitalifikia.

Haya ninayoyajua nimeyapata kwa mjukuu huyo, anasoma chuo hapa hapa mjini na jioni huja kunisaidia kukokotoa hesabu. Nilimwambia, mimi ukurasa wa 14 sina, wewe una simu, nitafutie wale wavuvi. Kwa jioni nne au tano akawa ananisomea huku mimi napara samaki. Alipochoka nilimpa ndizi na maparachichi, akaendelea.

Ghuba inaitwa San Ignacio. Iko kwenye ile rasi ndefu ya Baja California, upande wa magharibi, panapotazamana na Bahari ya Pasifiki. Mlango wake umezibwa nusu na mafungu ya mchanga, ndani maji yametulia, mengi yake ni mafupi, na kandokando ni jangwa tupu. Jua linayakausha hata chumvi yake inazidi ya bahari ya nje. Ziko na nyingine za namna hiyo pwani ile ile: Ojo de Liebre, maana yake "jicho la sungura", na chini zaidi Bahía Magdalena. Nyangumi huanza kufika mwishoni mwa Desemba, Januari na Februari wanajaa, na mama wenye watoto ndio wa mwisho kuondoka, hata Aprili. Humo mtoto anapata siku za kujifunza kuogelea na kunenepa kabla hajakutana na mawimbi makubwa na wale nyangumi wauaji wanaowinda watoto wa wenzao.

Wanatoka wapi? Kwenye bahari za kaskazini kati ya Alaska na Urusi, kwenye barafu. Kwenda na kurudi ni kilomita 16,000 hadi 20,000. Nilimwambia mjukuu anipe kipimo ninachokifahamu. Akapiga hesabu: ni kama kupanda basi hapa Mbeya kwenda Dar es Salaam na kurudi, mara kumi na zaidi. Na njia nzima nyangumi huyu hali, au anakula kidogo sana. Chakula chake kiko kule kaskazini chini ya bahari: analala ubavu, anafyonza tope, analichuja kwa mabamba aliyonayo mdomoni badala ya meno, tope linatoka na vijidudu mfano wa kamba wadogo vinabaki. Miezi ya kiangazi cha huko anakula mpaka mafuta yanajaa mwilini, halafu anasafiri, anazaa, ananyonyesha na kurudi kwa mafuta hayo hayo.

Mimi mwenyewe nimewahi kumwona nyangumi kwa macho yangu, ingawa si wa kijivu. Agosti 2017 nilikwenda Mtwara kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu, alimpata Mmakonde wa Msimbati. Siku mbili za basi, Njombe, Songea, Tunduru, Masasi, miguu imevimba kama mihogo. Asubuhi ya pili tumekaa ufukweni na wakwe, nikaona kama mtu amepuliza moshi baharini. Halafu mgongo mweusi, mrefu, ukapita taratibu kama lori linalopanda mlima, na mwisho mkia. Nilipiga kelele. Mzee mmoja wa pale, shemeji wa bwana harusi, hata hakugeuka vizuri. "Ni nyangumi hao, mama. Kila kipupwe wanapita, wanakuja kuzaa." Wale ni nyangumi wa nundu, wanatoka kwenye barafu ya kusini kabisa mwa dunia, na kuanzia Juni, Julai hivi wanaanza kupita pwani ya Afrika Mashariki kufuata maji ya joto. Wakati sisi huku Mbeya tunajifunika mablanketi mawili na viazi vya Uporoto vinaungua kwa baridi, wao wako Mtwara na watoto wao. Pwani ile ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, Ghuba ya Mnazi na maingilio ya mto Ruvuma. Kwa hiyo Mhariri, hata kwa nyangumi hamkuwa na haja ya kwenda Meksiko, lakini nashukuru mlikwenda.

Sasa wavuvi.

Hapo zamani nyangumi wa kijivu alijulikana kwa ukali. Mwaka 1857 nahodha mmoja Mmarekani, Charles Melville Scammon, aliingiza meli yake Ojo de Liebre, akawakuta mama na watoto wamejazana mahali pasipo pa kukimbilia. Watu wa wakati ule walitaka mafuta ya kuwashia taa, na nyangumi ndiye alikuwa kisima. Waliwafuata mle ndani kwa mashua ndogo na mikuki. Wengine walimpiga mtoto kwanza, maana walijua mama hatamwacha. Mama naye alipogeuka alivunja mashua na mbavu za watu. Wakampa jina: samaki shetani. Ndani ya miaka isiyofika ishirini ghuba zikawa karibu tupu, na Scammon mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1874, akajiuliza kama mnyama huyo atabaki duniani. Wale wa upande wa Atlantiki walikuwa wameshakwisha kabla yake.

Uwindaji ulikuja kukatazwa na mataifa katika karne iliyofuata, nyangumi wakarudi polepole, lakini sifa ya ushetani ilibaki. Wavuvi wa San Ignacio walikuwa wakimwona nyangumi wanagonga mbao za boti ili apite mbali. Mpaka mwaka 1972. Mvuvi mmoja, Francisco Mayoral, wenzake walimwita Pachico, alikuwa majini na mwenzake wanavua. Nyangumi akaja moja kwa moja mpaka kwenye boti. Hakuondoka. Akapita chini, akatokea upande wa pili, akatulia. Wale watu wawili wanatetemeka, boti ni ya mbao, mnyama ana mita zaidi ya kumi. Mwishowe Pachico akanyoosha mkono akamgusa, kwanza kwa vidole tu. Nyangumi hakufanya kitu.

Hapo mjukuu alitaka kuendelea mbele nikamwambia rudia. Nimekulia ufukweni Kyela, kwenye Ziwa Nyasa, najua maana ya mvuvi kunyoosha mkono kwa kitu anachokiogopa. Baba yangu hakuwahi kuinyooshea mkono hata radi.

Kuanzia hapo mambo yakageuka. Watu wakaanza kuja kutoka mbali kutaka kumgusa nyangumi, na wa kuwapeleka walikuwa wavuvi, maana ndio wenye boti na ndio wanaojua mikondo. Pachico akawa mpeleka wageni mpaka uzee wake, akafariki 2013. Mwaka huo huo wa 1972 serikali ya Meksiko ilikuwa imeifanya Ojo de Liebre kimbilio la nyangumi, San Ignacio ikafuata 1979, na 1988 eneo zima la El Vizcaíno, hekta milioni mbili na nusu, likawa hifadhi. 1993 UNESCO ikaziingiza ghuba hizo mbili kwenye urithi wa dunia.

Lakini kilichonikaa mimi ni utaratibu wa pale. Msimu wa nyangumi ukifika, wavuvi wanatoa nyavu katika sehemu ile ya ghuba inayotengwa kwa nyangumi. Boti zinazoruhusiwa kuingia humo kwa wakati mmoja ni 16, si zaidi, na kila moja ina dakika 90 kisha inatoka, nyingine inaingia. Hakuna kumkimbiza nyangumi. Unazima au unapunguza mashine unasubiri. Akitaka atakuja mwenyewe, asipotaka mnarudi. Sehemu ya juu, ya maji mafupi, wanaachiwa mama na watoto. Nyangumi wakiondoka, watu wanarudi kwenye nyavu zao. Ni miezi michache tu katika mwaka.

Mtaniuliza, wewe muuza samaki wa Mwanjelwa, hayo yanakuhusu nini? Ndiyo nifike kwetu.

Ziwa Nyasa lina samaki anaitwa mbasa. Wasomaji wenu wa Kyela, Ludewa na Nyasa hawana haja ya kuambiwa. Kwa wa mbali niseme ni samaki mwembamba, mrefu kama mkono wa mtu mzima kuanzia kiwiko, anang'aa kama bati jipya, nyama yake tamu kuliko samaki wote ninaowauza, na miiba yake ndiyo faini ya utamu huo. Mbasa anaishi ziwani lakini hazai ziwani. Mvua zikikaza na mito ikajaa, anaacha ziwa anapanda mto: Songwe, Kiwira, Mbaka, Lufilyo. Anatafuta mahali penye changarawe na maji mafupi yanayokimbia, hapo ndipo anapotaga. Kisha anarudi ziwani, na vitoto vinamfuata baadaye vikishapata nguvu.

Kwa hiyo mlango wa mto ni mlango wake wa wodi ya wazazi. Hana mwingine.

Baba alikuwa na mtumbwi na makila, zile nyavu za kutega. Makila aliyatega ziwani, mlangoni mwa mto hakutega. Sikuwahi kumuuliza kwa nini, na sasa hayupo wa kuulizwa. Nakumbuka tu kuwa msimu ule tulipokwenda kuchota maji tuliwaona mbasa wakipanda kwenye maji mafupi, migongo nje, maji yanachemka, na sisi watoto tunajaribu kuwakamata kwa vikapu. Tulipata mmoja au wawili, tukachapwa kwa kulowesha nguo.

Mwaka jana mwezi wa tatu nilikwenda nyumbani kwenye msiba. Nikashuka mpaka mtoni, siutaji upi, mtaelewa kwa nini. Nyavu zilikuwa zimevutwa kutoka ukingo hadi ukingo, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Pembeni akina mama wanachota vitoto vya samaki kwa vyandarua, vile vile tulivyogawiwa tujikinge na mbu. Upande wa ziwa kokoro, wavu ule wa kukokota, linavutwa. Mbasa angepita wapi?

Mwenye mstari wa pili ni mtoto wa kaka yangu. Nilimkaripia palepale. Nilimwambia, baba yako mkubwa na babu yako hawakuvua hivi. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote, mikono nyuma. Halafu akasema, "Sawa shangazi. Ila wale mbasa wa mayai wa wiki iliyopita, si ni wewe uliyetuma hela ya kuwanunua?"

Nilikosa la kusema. Watu wa msibani walikuwa wanasikia.

Ni kweli, Mhariri. Mbasa mwenye mayai namuuza bei ya mbasa mmoja na nusu. Akina mama lishe wananiwekea oda, na kuna mabwana wawili wa maofisini hawataki mbasa mwingine isipokuwa huyo. Tenga likifika alfajiri kutoka Kyela nawabonyeza matumbo mmoja mmoja, mwenye mayai namweka upande. Miaka 31 nabonyeza matumbo. Sikuwahi kufikiri kwamba ninachokibonyeza ni samaki wa miaka mitatu ijayo.

Na wamepungua. Wala sihitaji mtaalamu kuniambia, ingawa wataalamu wa kimataifa nao wameshamwandika kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Zamani kwa msimu nilikuwa naletewa matenga manne kwa wiki, siku hizi moja nalo halijai, linajazwa na majani ya migomba chini ili lionekane.

Ndiyo maana picha yenu ilinikamata. Wale wa San Ignacio nao walikuwa na ghuba ya uzazi mlangoni kwao na njaa nyumbani kwao, kama watoto wa kaka yangu. Wao walikubaliana.

Sitaki lakini kuwadanganya wasomaji kwamba mambo mawili haya yanalingana sawasawa. Nyangumi analeta wageni wenye dola. Mbasa hakuna Mzungu atakayelipa kumwona anapanda mto Mbaka kwenye mvua ya Kyela, na matope yale. Watalii wanakuja Matema, wanaota jua, wananunua vyungu vya Wakisi, wanaondoka. Kwa hiyo ukimwambia mvuvi wa kwetu atoe wavu, atakuuliza watoto watakula nini wiki hizo, na ana haki ya kuuliza. Hapa ndipo kila mkutano wa kijiji unapovunjikia.

Kwa upande mwingine, siyo kwamba kupumzisha maji ni jambo lisilojulikana nchini. Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, na nchi nne zinazolizunguka zilikubaliana. Hapa sokoni migebuka iliadimika, tulinung'unika, wateja walitutukana, na tukauza sato na kambale. Hatukufa. Mimi siombi ziwa zima lifungwe. Naomba milango ya mito, kwa wiki zile za mbasa kupanda, na wiki zenyewe wazitaje wavuvi wenyewe, kwa sababu mvua haisomi kalenda ya ofisini. Nyavu zisogezwe mbali na mlango, ziwani huko watege.

Mjukuu alinisomea pia habari ya chumvi, naipitia haraka. Kampuni ya chumvi, sehemu ya serikali ya Meksiko na sehemu ya Mitsubishi ya Japani, ilikuwa na mashamba makubwa ya chumvi kule Guerrero Negro karibu na Ojo de Liebre, ikataka kufungua mengine San Ignacio. Palikuwa na mabishano ya miaka. Tarehe 2 Machi 2000 Rais Ernesto Zedillo akaufuta mpango. Mjukuu alifurahi sana hapo. Mimi nilimuuliza, na chumvi ya Guerrero Negro? Akatazama: inaendelea kuvunwa mpaka leo. Nikasema hilo ndilo nililotaka kulisikia, maana mimi nanunua chumvi kwa gunia, siwezi kushangilia chumvi kufungwa. Walichokataa ni kuigusa ghuba moja iliyobaki haijaguswa.

Na kuna habari mbaya ambayo kwenye ukurasa wenu wa kwanza sikuiona. Kuwalinda kwenye uzazi hakukutosha. Mwaka 2016 nyangumi wa kijivu wa upande ule walikadiriwa kufika 27,000 hivi. Kuanzia 2019 wakaanza kuonekana ufukweni wamekufa, kutoka Meksiko hadi Alaska, zaidi ya 600 mpaka 2023, wengi wamekonda. Kufikia 2023 makadirio yalishuka hadi kama 14,500. Ghuba haikuwa na kosa. Chakula chao kule kaskazini kimebadilika, barafu imepungua, tope lile halina tena vile vijidudu kama zamani. Mama anafika ghubani hana mafuta ya kutosha.

Mjukuu aliona kwamba nimenyamaza, akadhani nahuzunikia nyangumi. Nilikuwa nawaza changarawe. Mbasa akiachiwa mlango, atapanda, halafu atakuta nini huko juu? Milima ya Rungwe na Busokelo inalimwa mpaka kwenye kingo, mvua moja tu mto unashuka umekuwa uji wa ulezi, na changarawe inafunikwa na udongo. Yai likizikwa kwenye tope linakufa. Kwa hiyo wavuvi wa Kyela wakitoa nyavu zao, wakulima wa juu nao waache zile mita za kingo ambazo sheria ilishasema ziachwe. Wengi wao ni ndugu zetu wale wale, tunakutana kwenye misiba na harusi. Tusiwabebeshe mzigo wavuvi peke yao.

Na mzigo mwingine uje kwetu sokoni. Hili ndilo ninalotaka litoke gazetini hata kama mengine mtayakata. Mlangoni mwa mto mna usiku na mna ndugu wa mtu, mlinzi gani atakesha kwenye mvua ile? Soko lina mchana. Mbasa wa mayai anafika Mbeya kwa njia moja, kwenye matenga, juu ya gari, anapita Tukuyu, anashushwa alfajiri mbele ya macho ya watu wote. Sisi wauza samaki wa Mwanjelwa, Soweto na Uyole hatuzidi tunaoweza kukaa chini ya paa moja. Tukikubaliana kwamba wiki hizo hatununui mbasa, bei ya mlangoni mwa mto inaanguka siku hiyo hiyo, na kijana wa kaka yangu atasogeza wavu wake bila kuambiwa na mtu.

Nimeanza mwenyewe msimu huu. Nilipiga simu nyumbani nikasema tenga la mbasa lisije mpaka niseme. Mpaka sasa matokeo ni haya: mama lishe mmoja, mteja wangu wa miaka tisa, amehamia meza ya tatu kutoka kwangu. Mwenye meza hiyo ananunua mbasa wa mayai kwa bei ya chini kuliko niliyokuwa nanunua mimi, na ananisalimia vizuri sana kila asubuhi. Nilimwonyesha picha ya nyangumi. Akaitazama, akasema, "Mkubwa kweli. Anauzwaje?" Mwingine aliniuliza kama nimeokoka upya. Wawili wamesema tuzungumze, na tumeshazungumza mara moja, nyuma ya banda la barafu, tukaafikiana kwamba tutazungumza tena.

Jina langu mnalo kwenye bahasha, naomba lisichapwe. Nina ndugu kwenye kila ule mto na mwezi wa sita tuna harusi.

Mwisho, naomba ule ukurasa wa 14. Kama mna nakala stoo, mpeni kondakta yeyote wa basi la Mbeya, aandike tu "mama wa samaki, meza ya pembeni karibu na ngazi, Mwanjelwa". Nauli ya karatasi nitalipa. Msinitumie kwenye simu, mjukuu amekwenda mafunzo kwa vitendo Makambako na mimi miwani yangu ni ya kusomea vitu vikubwa.

Wenu,
Muuza samaki,
Mwanjelwa, Mbeya